Gari Linamtambia Nani? Dhidi ya Vivumishi vya Kuazima katika Uhakiki wa Nganya za Kayole

Utangulizi

Kuna ugonjwa uliozoeleka mno katika idara zetu za fasihi hata hauonekani tena kuwa ni ugonjwa. Mhakiki wa Kiswahili anapokutana na jambo lenye mbwembwe, hakianzii Kiswahili. Hulifungua kwanza kabati la vivumishi vya Kiingereza, akachagua kimoja, kisha akakitafutia tafsiri na kuiita tafsiri hiyo uhakiki. Makala haya yanaupinga mtindo huo. Yanaupinga kwa mfano mmoja, yaani matatu zilizorembwa za Kayole ambazo wenyeji huziita nganya, kwa sababu hapo ndipo madhara yake yanapoonekana waziwazi.

Hoja yangu ya msingi ni hii. Vivumishi vya Kiingereza vinavyotumiwa kueleza vitu vya kujionyesha ni hukumu zilizokwisha kutolewa mahali pengine juu ya watu wengine, na mhakiki anayeviazima huacha kuisoma matini iliyo mbele yake. Kiswahili, kwa desturi yake, hulieleza jambo la kujionyesha kwa kitenzi. Kitenzi hicho hudai mtendaji, hudai mtazamaji na, mara nyingi, hudai mshindani. Tukikiacha kitenzi tukashika kivumishi cha kuazima, tunawafuta wote watatu, kisha tunashangaa kwa nini uhakiki wetu hauna watu ndani yake.

Kisa cha jopo

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kayole, alilitetea pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo ambalo nami nilikuwamo. Alitaka kuzisoma nganya za mtaa wake kama matini za fasihi. Katika ukurasa wake wa kwanza alikuwa ameandika kwamba gari analolieleza "linatutambia sisi tuliosimama kituoni, na linayatambia magari yaliyo nyuma yake." Niliipenda sentensi hiyo. Mwenzetu mmoja hakuipenda. Alimwambia, kwa upole wa mtu anayedhani anasaidia, kwamba hapo hapana maelezo, kwa kuwa hapana kivumishi. "Gari lenyewe likoje?" aliuliza. "Ni 'gaudy'? Ni 'flashy'? Ni 'garish'? Amua kwanza, halafu utafute Kiswahili chake."

Mwanafunzi alitii, kama wanafunzi wetu wanavyotii. Alirudi baada ya wiki kadhaa na sentensi mpya: gari lilikuwa sasa "lenye rangi kali kupita kiasi na lenye kunyakua nadhari." Nilimwuliza kama ndivyo alivyokusudia. Akanijibu: "Mwalimu, nililitafuta neno, na nilipolipata nikaona limesema gari ni baya. Mimi sikusema ni baya. Sikuwa hata nimefika huko."

Katika sentensi hizo tatu msichana yule aliupita uhakiki mwingi uliokwisha chapwa kuhusu sanaa za mitaani. Aliona kwamba kivumishi alichokabidhiwa kilikuwa kimemtangulia kufika kwenye hukumu. Aliona pia, ingawa hakulisema, kwamba katika safari ya kutoka "linatutambia" hadi "lenye kunyakua nadhari" alikuwa amempoteza anayetamba na anayetambiwa. Na ni nani aliyewahi kusikia Mswahili akisema kwamba kitu kinanyakua nadhari? Macho huvutwa, hukodolewa, hutolewa. Hayanyakuliwi. Hapo si dhana tu iliyotafsiriwa neno kwa neno. Hata mkono unaonyakua umeletwa kutoka ng'ambo.

Hukumu zilizokwisha kutolewa

Wanaotetea mtindo huu hudai kwamba vivumishi vya Kiingereza ni ala sahihi za kitaaluma, zenye kupima bila upendeleo. Basi tuzichunguze ala zenyewe.

Chukua "tawdry", neno linalotajia kitu chenye kung'ara lakini rahisi na duni. Limetokana na jina la mtakatifu wa kike, Audrey, aliyeanzisha nyumba ya watawa huko Ely, Uingereza, na kufariki mwaka 679. Katika gulio lililofanyika kwa heshima yake ziliuzwa tepe za hariri za kuvaa shingoni, na wanunuzi wake walikuwa wanawake wa kijijini. Kadiri dharau ya wakubwa kwa pambo la maskini ilivyozidi, ndivyo jina la mtakatifu lilivyogeuka kuwa tusi. Neno lilianza katika ibada, likapita sokoni, likaishia kwenye kejeli ya tabaka. Anayelitumia leo kuelezea gari la Kayole analeta pamoja nalo macho ya bwana wa Kiingereza anayemtazama mke wa mkulima gulioni.

Chukua "gaudy". Wanaisimu hulihusisha na neno la Kilatini lenye maana ya furaha. Kwamba furaha inayoonekana iligeuka kuwa kosa la ladha ni jambo linalotueleza mengi kuhusu waliokuwa na mamlaka ya kuhukumu ladha. Lakini halitwelezi chochote kuhusu Kayole.

Chukua "flashy". Lina ndugu yake, "flash", lililotumiwa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19 kutaja lugha ya siri ya wezi na wahuni wa London. Mnamo 1812 James Hardy Vaux, mfungwa aliyekuwa amehamishiwa Australia, alikusanya msamiati wa lugha hiyo. Kwa hiyo kivumishi ambacho wenzetu wanakiona kuwa safi, cha kamusi na cha kitaaluma, kina undugu na lugha ya vichochoroni. Ni kichekesho kwamba kinaletwa ili kuiondoa Sheng katika tasnifu.

Sisemi kwamba Kiingereza ni lugha ya dharau, wala sisemi kwamba hakina vitenzi vya kujionyesha. Kinavyo. Nasema kwamba vivumishi hivi vina historia, na kwamba historia hiyo ni ya magomvi ya tabaka ambayo si yetu. Sisi tuna magomvi yetu ya tabaka, na ni wajibu wetu kuyasoma kwa majina yake. Wala siupingi ukopaji wa maneno. Lugha iliyokopa fahari na nakshi kutoka Kiarabu, ikazifanya zake hata zikaingia katika tenzi, haina sababu ya kuogopa kukopa. Ninachokipinga ni kukopa hukumu.

Kauli za kitenzi na watu waliomo

Tugeukie sasa Kiswahili chenyewe. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni maskini wa vivumishi. Ni kweli kwamba vivumishi vya asili vinavyochukua viambishi vya ngeli si vingi, na kwamba vingine kama maridadi, safi na ghali havibadiliki kwa ngeli. Lakini anayetoa hoja ya umaskini amehesabu sarafu katika mfuko mmoja tu wa kanzu. Hajaugusa mfuko wa vitenzi, wala wa nomino, wala wa tanakali.

Tazama kitenzi kutamba. Gari linatamba. Hapo tuna mtendaji. Gari linatutambia. Kwa kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea, mtazamaji ameingia katika sentensi, na sasa tunalazimika kuuliza ni nani huyo na anatambiwa kwa sababu gani. Magari yanatambiana. Kwa kauli ya kutendana, uwanja mzima wa mashindano umefunguka mbele yetu. Zaidi ya hayo, kutamba ni neno la taaluma yetu wenyewe. Tunamwita msimulizi wa ngano mtambaji, na tunasema kwamba hadithi hutambwa. Kitenzi kimoja kinabeba majivuno na usimulizi pamoja. Mwanafunzi yule alipoandika kwamba gari linatutambia, alisema kwa neno moja kwamba gari linajisifu na linasimulia. Jopo likamwambia kwamba hajaeleza kitu.

Tazama kuremba. Gari limerembwa: kauli ya kutendwa inatukumbusha kwamba yuko fundi aliyeremba, na kwamba karakana yake ina mlango, ina deni la rangi na ina vijana wanaojifunza kazi. Gari limerembeka: kauli ya kutendeka inamwacha fundi nyuma na kuyasifu matokeo. Mhakiki ana uhuru wa kuchagua kati ya hizo mbili, na kila uchaguzi una maana. Kivumishi "gaudy" hakimpi uhuru huo. Kimekwisha kumfukuza fundi kabla ya sentensi kuanza.

Tazama tena ghala la nomino. Madaha si mikogo. Madaha ni ya mwendo wa polepole unaojua kwamba unatazamwa lakini hauombi kutazamwa, mikogo huomba. Madoido ni nyongeza ya ufundi juu ya kitu ambacho kingetosha bila nyongeza hiyo. Mbwembwe ni madoido yaliyopata hadhira. Maringo yana anayeringiwa. Makeke yana kelele na haraka ndani yake. Ulimbwende ni wa mwili na mavazi, fahari ni ya mali na ukoo, na anasa ni ya yule anayekula peke yake. Kujinaki, kujitapa, kujigamba na kujishaua vyote vina kile kiambishi -ji- kinachomrudisha mtendaji kwake mwenyewe, na bado kila kimoja kina kiwango chake cha lawama: anayejigamba huenda ana haki ya kujigamba, lakini anayejishaua hana. Lugha yenye mizani ya namna hii haihitaji kuazima mizani ya jirani ili ipime matatu.

Hata pale Kiswahili kinapolazimika kutoa jina la kitu chenye kung'ara, mara nyingi huchagua tukio badala ya sifa. Mti ambao Wazungu waliupa jina la miali ya moto, "flamboyant", kwa wekundu wa maua yake, sisi huuita mkrismasi kwa sababu huchanua majira ya Krismasi. Wao waliuliza unafananaje. Sisi tuliuliza unakuja lini, na nani atakuwapo kuuona.

Nganya kama majigambo

Tuingie sasa Kayole. Mtaa huu uko mashariki ya Nairobi, jirani na Komarock na Umoja, na sehemu kubwa ya wakazi wake huamka mapema kwenda kutafuta riziki mbali na nyumbani. Njia namba 19 na 60 ndizo zinazouunganisha na katikati ya jiji. Anayesimama steji jioni huona majengo ya kupangisha ya orofa nyingi, mengi ya mawe yasiyopakwa rangi, nguo zikiwa zimeanikwa kwenye roshani, na mikokoteni ya mitungi ya maji. Katikati ya rangi hiyo ya kijivu huingia gari lililochorwa kutoka bampa hadi bampa, taa zikibadilika rangi na muziki ukitangulia kufika kabla ya magurudumu. Baadhi ya vijana watayaacha magari mawili matatu matupu yapite ili walisubiri hilo, na watalipa nauli zaidi kulipanda.

Tulisome basi kama matini. Maandishi ya nganya hayakutawanywa ovyo. Yamepangwa kwa kufuata hadhira. Kioo cha mbele humsemesha abiria aliye kituoni: hapo ndipo jina la gari linapokaa, kwa sababu ndipo gari linapotambulishwa. Ubavu humsemesha mpita njia, na hapo huwekwa sura kubwa za wanamuziki, wachezaji wa mpira na mashujaa wa filamu, kwa kuwa mpita njia ana muda wa kutazama gari likipita. Nyuma humsemesha dereva anayefuata, na hapo huwekwa vijembe, kwa kuwa anayefuata katika msongamano wa Barabara ya Jogoo hana pa kwenda ila kuvisoma. Ndani, darini na migongoni mwa viti, huwasemesha waliokwisha kulipa, na lugha hapo hulegea, ikawa ya utani au ya dua. Matini yenye hadhira nne zilizopangwa pande nne haielezwi kwa kivumishi kimoja. Inaelezwa kwa swali: upande huu unamtambia nani?

Na utanzu wenyewe si mgeni kwetu. Tunawafundisha wanafunzi wetu majigambo, au vivugo, kuwa ni utanzu wa fasihi simulizi ambamo mtu hujisifu mbele ya hadhira kwa matendo na ukoo wake. Tunafundisha tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, zilizojaa kujisifu. Tunamfundisha Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye mashairi yake ya vita, mwanzoni mwa karne ya 19, yaliwatambia wapinzani wa Lamu na Unguja waziwazi. Hakuna mhadhiri anayesimama darasani kusema kwamba Muyaka alikuwa "loud". Tunasema alijibizana. Kwa nini basi jibizano hilohilo likipakwa kwenye bati badala ya kuandikwa kwenye karatasi liitwe kelele?

Si Muyaka peke yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Mombasa ilikuwa na bendi za beni za Kingi na Skotchi, na Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti, zikishindana kwa sare, vyeo na maandamano. Terence Ranger alipoziandikia kitabu mwaka 1975 alionyesha kwamba wale waliozichukulia kuwa uigaji mtupu wa Wazungu hawakuzielewa. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama, maarufu vikiwa Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha 1979. Vilishindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa gharama, na kila pambo la upande mmoja lilikuwa ni neno kwa upande wa pili. Nganya ya Kayole inarithi desturi hiyo ya pambo lenye mwelekeo. Mwenye kuiita "ostentatious" ameona pambo lakini hakuona mwelekeo wake.

Hata jina lenyewe linafundisha. Katika miaka ya 1990 gari la namna hii liliitwa manyanga. Ondoa kiambishi, zigeuze silabi za nyanga, nawe utapata nganya, kama vile stori ilivyogeuzwa ikawa risto. Wako wanaouona mgeuzo huu kuwa uharibifu wa lugha uliozaliwa Eastlands juzi. Hao wamfungue Edward Steere. Katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha 1870, aliyekuja kuwa Askofu wa Unguja alieleza mchezo wa maneno uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno huhamishwa ikawa ya kwanza. Kijana wa Kayole asiyewahi kuiona bahari anatumia ufundi uliokuwa ukichezwa Unguja karne moja na nusu iliyopita. Na manyanga, katika Kiswahili cha pwani, ni vibuyu vya kutikiswa ngomani. Sidai kwamba jina la gari lilitoka humo. Nadai kwamba mhakiki asiyelijua neno hilo katika lugha yake, lakini anaijua tofauti kati ya "gaudy" na "garish", amesomeshwa vibaya, na sisi ndio tuliomsomesha.

Haikuwa lazima tufike hapa. Mohamed Abdulaziz, aliyetuandikia kitabu juu ya Muyaka mwaka 1979, ndiye huyohuyo aliyeshirikiana na Ken Osinde mwaka 1997 kuandika juu ya Sheng. Msomi mmoja aliweza kuyatazama mashairi ya Mombasa na mazungumzo ya vijana wa Nairobi kwa jicho moja la heshima. Sisi tuliomfuata tumeigawa kazi yake: Muyaka tukampa vitenzi, vijana tukawapa vivumishi.

Kivumishi chenye meno

Huenda msomaji akasema kwamba huu ni ugomvi wa maneno tu. Si ugomvi wa maneno tu. Matatu ziliruhusiwa kubeba abiria kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973. Miaka 30 baadaye, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni mpya, kwa Tangazo la Kisheria namba 161 la 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Kanuni hizo zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na hakuna mwenye akili atakayezilaumu kwa hayo. Lakini pamoja na mikanda ulikuja mstari wa manjano wa kuzunguka gari, na katika utekelezaji wake michoro mingi ilifutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza michoro iachwe. Novemba 2018 serikali ilizirudisha kanuni kwa nguvu, na magari yaliyochorwa yakawa miongoni mwa yaliyosakwa.

Tazama jinsi hoja ilivyochanganywa. Mwendo wa kasi huua. Gari bovu huua. Rangi haijamwua mtu. Hata hivyo, pambo na hatari viliwekwa kapu moja, kwa sababu katika fikra za waliotawala kitu cha kujionyesha kilikuwa kimekwisha hukumiwa kuwa kitu kisicho na nidhamu. Hukumu hiyo haikutoka katika takwimu za ajali. Ilitoka katika ladha, na ladha ilijificha ndani ya vivumishi. Mchoraji wa Eastlands aliyepoteza kazi Februari 2004 aliondolewa na sheria, lakini sheria ilitanguliwa na lugha. Na katika miaka yote hiyo sisi wa idara za fasihi, ambao kazi yetu ni kusoma, hatukuwa tumempa mtu yeyote usomaji ambao angeweza kuusimamisha mbele ya hakimu au waziri na kusema: hii ni sanaa, na hii ndiyo kanuni yake.

Vitabu vipo. Mbugua wa Mungai alichapisha chake mwaka 2013 na Kenda Mutongi chake mwaka 2017, vyote juu ya matatu za Nairobi, vyote kwa Kiingereza. Ni kazi za thamani, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaodai kuandika kwa Kiswahili, ambao badala ya kuujaza upande wetu tunanakili istilahi za upande wa pili na kuzivisha viambishi vya ngeli.

Pingamizi moja la haki

Kuna pingamizi moja ambalo sitalikwepa. Litasemwa kwamba ninaisifu nganya kwa mbali. Kwamba ndani yake muziki huumiza masikio ya mama anayetoka hospitalini na mtoto mgongoni. Kwamba baadhi ya michoro humdhalilisha mwanamke. Kwamba nauli hupandishwa mvua inaponyesha, na kwamba makanga anayening'inia mlangoni kwa mbwembwe huweza kuanguka. Yote hayo ni kweli, na mkazi wa Kayole anayajua kuliko mhadhiri yeyote. Je, tukivitupa vivumishi vya lawama, tutalaumu kwa nini?

Tutalaumu kwa Kiswahili. Desturi yetu ya kuilaumu fahari ina zaidi ya karne mbili, na kilele chake ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Utenzi huo unaihukumu anasa ya Pate kwa ukali usio na mfano katika lugha yetu. Lakini tazama namna unavyohukumu. Hauzibandiki nyumba za matajiri kivumishi cha ladha mbaya. Unaziingia. Unazitaja taa zake, vidaka vyake vya vyombo vya kauri, watu wake na wageni wake, kisha unauliza wako wapi, na unatuonyesha ndege na popo waliorithi nafasi yao. Hukumu inakuja mwisho, baada ya kila kitu kuonekana. Mtunzi alikiheshimu kitu alichokilaumu kwa kukitazama hadi mwisho. Hicho ndicho kipimo ninachokidai kwa nganya. Atakayeingia ndani yake, akausoma upande wa mbele na wa nyuma, akamsikiliza mchoraji na mama mwenye mtoto mgongoni, kisha akasema kwamba hayo ni makeke ya kujishaua, huyo nitamsikiliza. Amesoma. Aliyesimama kando ya barabara na kamusi mbili hajasoma.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu kwa idara yetu na kwa zile za jirani. Kwanza, majopo yaache kumdai mwanafunzi kivumishi mahali ambapo kitenzi chake kinafanya kazi. Pili, kozi ya majigambo isiishie kwa Liyongo na Muyaka. Ifike kwenye beni, kwenye lelemama na kwenye steji ya Kayole, na mitihani iulize maswali kuhusu hizo. Tatu, anayeandika tasnifu ya Kiswahili juu ya sanaa za mitaani aruhusiwe kutumia istilahi za wenye sanaa, Sheng ikiwamo, bila kulazimishwa kuzipitisha London kwanza ili zigongwe muhuri.

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni hakuiandika tasnifu ile. Alibadilisha mada, akaandika juu ya taswira katika riwaya mbili zilizokwisha kuandikiwa tasnifu nyingi, akafaulu. Jopo letu liliridhika. Ukurasa wake wa kwanza, ule wenye gari linalotutambia, sijui kama bado anao. Wenzangu watakaoona nimewaonea wana haki ya kunijibu katika jarida hilihili, nami nitafurahi wakifanya hivyo. Nawaomba jambo moja tu: kabla ya kuandika, wapande namba 19 hadi mwisho wa safari, wakae nyuma, na wasome.